Sura ya Tano: Ratiba ya Kwanza ni ya Maji

Mtu wa Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi, akiambiwa kwamba anaweza kuondoka Ijumaa, avue samaki baharini Jumamosi, na Jumatatu awe kazini kwake, swali lake la kwanza huwa la usafiri. Gari hana, wa kumwazima hana, na kukodi moja kwa siku tatu kunaweza kuzidi kodi yake ya nyumba ya mwezi mzima. Swali hilo ni la haki. Likitangulia mengine yote, hata hivyo, huiharibu safari, kwa sababu humfanya achague siku kwa kufuata nafasi ya basi au treni, kisha afike ufuoni akute mashua zimelala mchangani na maji yamepwa hadi kwenye mwamba. Sura hii inatetea jambo moja: safari fupi ya kuvua baharini hupangwa kuanzia kwenye maji, ndipo urudi nyuma hadi ufuoni, hadi stesheni, hadi mlangoni kwako. Anayepanga kwa mpangilio huo hugundua kwamba gari lilikuwa na umuhimu mdogo tangu mwanzo, na kwamba kulikosa humlazimisha kufanya hesabu ambayo mwenye gari huiruka.

Wasomaji wengi wa mitaa hii miwili hawaanzi na mikono mitupu. Kibera ina kijiji kiitwacho Kisumu Ndogo, na ukipita huko, Gatwekera au Lindi hutakosa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, anayejua ndoana, nyavu na taa za kuvulia omena. Kawangware nako kumejaa watu waliotoka magharibi mwa Kenya, wakiwamo wa Busia na Budalang'i, ambako ziwa na mto Nzoia ni sehemu ya maisha. Ujuzi huo una thamani, lakini una mtego ndani yake. Ziwani maji uliyoyaacha asubuhi ndiyo utakayoyakuta jioni. Upepo huyasukuma, mvua ya msimu huyapandisha, ila hakuna saa ya mchana ambapo ziwa huondoka na kumwacha mvuvi amesimama kwenye matope. Baharini saa hiyo ipo kila siku. Hata hivyo mvuvi wa omena ana jambo ambalo mtu mwingine wa bara hana: tayari anautazama mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hupoteza nguvu mbele ya mwezi mpevu, kwa hiyo usiku wa giza ndio wa kazi. Pwani ni mwezi huo huo unaotoa amri. Kinachobadilika ni amri yenyewe.

Katika pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Dakika hizo zikijumlishwa, maji ya leo huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko ya jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hupungua hadi mita moja hivi. Kila bandari ina saa yake, na ya Mombasa ni rahisi kuishika. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa ni karibu saa nne, kupwa ni karibu saa kumi. Majedwali ya maji ya bandari ya Mombasa, ambayo siku hizi hupatikana pia kwenye simu, yatakupa dakika kamili. Kanuni hii inakupa uwezo wa kukadiria ukiwa ndani ya matatu bila kufungua chochote.

Tofauti ya vipindi hivi viwili huamua utakachofanya. Asubuhi ya bamvua, kuanzia saa tatu hadi saa tano, mwamba huwa wazi, na watu hutembea juu yake wakitafuta pweza na chambo. Mashua zilizo ndani ya mwamba hukaa juu ya mchanga. Maji yakianza kurudi, samaki nao huyafuata na kuingia kwenye nyasi za bahari na matumbawe kutafuta chakula, kwa hiyo saa za mshipi ni za kuanzia adhuhuri hadi maji yajae. Mgeni aliyefika saa moja asubuhi kwa haraka kubwa atakaa chini ya mnazi saa tano nzima. Siku za maji mafu kina hakibadiliki sana, mkondo ni hafifu, chubwi nyepesi hutosha kuushikilia mshipi chini, na mashua ndogo inaweza kutoka asubuhi mapema. Kwa anayejifunza kuvua kwa mshipi ndani ya mashua, maji mafu yana subira zaidi. Kwa anayetaka kuona bahari ikifunua sakafu yake, kukusanya chambo mwenyewe na kuvua jioni maji yakiwa juu, bamvua ndiyo wakati wake. Vyote viwili ni vizuri. Kosa ni kuendea kimoja ukiwa umejiandaa kwa kingine.

Mtu mwenye kazi ya wiki nzima atasema kwamba hachagui siku. Amepewa Jumamosi na Jumapili, basi. Hapo ndipo hesabu ya mwezi inapomsaidia kuliko anavyodhani. Kutoka bamvua moja hadi nyingine hupita siku 14 na robo tatu, karibu sawa na wiki mbili. Maana yake ni kwamba wikendi hupishana: ikiwa Jumamosi hii ni ya bamvua, ijayo itaelekea maji mafu, na ile ya baada yake itarudi kwenye bamvua, maji yakijaa takriban dakika 40 mapema kuliko wiki mbili zilizotangulia. Kwa miezi miwili mitatu mfululizo unaweza kujua wikendi zako zitakuwa za namna gani kwa kuangalia moja tu. Sikukuu nazo zina siri zake. Idd-ul-Fitr huangukia mwezi mchanga kila mwaka, kwa hiyo siku hiyo ni ya bamvua bila kujali kalenda ya ukutani, na maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Idd-ul-Adha huwa tarehe kumi ya mwezi, karibu na maji mafu, na kujaa huwa karibu na adhuhuri au muda mfupi baadaye. Pasaka huja baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo Ijumaa Kuu inaweza kuwa ndani ya bamvua au ikielekea kuisha. Wanubi wa Makina, ambao jamii yao imeishi Kibera tangu mwanzo wa karne ya 20 na ambao hufuata tarehe za mwezi kwa ibada zao, tayari wana jedwali la maji kichwani. Ni kulisoma tu upande wa pili.

Baada ya mwezi huja upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho bahari huwa na huruma kwa vyombo vidogo. Kusi huanza pamoja na masika, hukaza katikati ya mwaka na kulegea Septemba au Oktoba, ndipo ije matlai, kipindi kifupi cha utulivu kabla kaskazi haijarudi. Wavuvi wengi wenye mitumbwi na ngalawa hubaki ndani ya mwamba au kwenye hori wakati wa kusi, na mapato yao hushuka. Jambo hili linagongana moja kwa moja na kalenda ya Nairobi, ambako likizo ya Agosti ndipo watu wengi hupata nafasi. Agosti haikatazi kuvua. Inakataza kuvua bahari wazi. Anayeweza kusubiri hadi Novemba au Februari atapata maji bora na vyumba vya bei nafuu zaidi, kwa kuwa wageni wa Krismasi watakuwa hawajafika au watakuwa wameshaondoka.

Sasa usafiri unaweza kuingia, nao ukiingia mahali pake huwa mwepesi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, inakatiza katikati ya Kibera. Watu huivuka kila siku wakienda sokoni. Treni ya abiria ya reli hiyo ya zamani haiendi tena Mombasa, na tangu 2017 kazi hiyo imekuwa ya reli mpya, SGR, inayoanzia Syokimau. Ratiba ya miaka ya karibuni imekuwa na treni ya asubuhi, ya alasiri na ya usiku, na safari huchukua saa tano hadi sita. Treni ya usiku, inayoondoka saa nne, humfikisha abiria Miritini, stesheni ya Mombasa, kabla ya mapambazuko ya Jumamosi. Kwa mtu aliyepanga kuvua bamvua, hiyo ni faida kamili: ana muda wa kunywa chai, kufika ufuoni, kulala saa moja mbili, na kuamka mwamba ukiwa wazi. Kwa aliyechagua maji mafu na kutaka kutoka na mashua asubuhi, ya alasiri inafaa zaidi, kwa sababu atalala Pwani na kuamka akiwa na nguvu. Ni maji yaliyomchagulia treni.

Wengine watasema gari lingekuwa rahisi zaidi wakiwa wanne na kugawana mafuta. Tupige hesabu. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi kwa barabara. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 48 kwa kwenda peke yake. Mwaka 2023 petroli Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa lita. Kwa bei hiyo ni shilingi 9,600, na hata ikishuka hadi 180 ni zaidi ya 8,600. Tiketi ya SGR ya daraja la chini ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Watu wanne ni 6,000. Gari lililojaa bado ni ghali kuliko treni, na hapo hatujahesabu dereva ambaye hatavua vizuri baada ya saa nane za malori ya Mtito Andei na Voi, wala siku mbili ambazo gari hilo litakaa juani likisubiri. Kivukoni Likoni tofauti huonekana waziwazi zaidi. Mtembea kwa miguu huvuka bure. Gari hulipa na kukaa foleni.

Sehemu ya safari inayostahili wasiwasi ni ile fupi. Kutoka Kawangware kwa matatu za 46, au kutoka Kibera kwa namba 8, hadi mjini na kisha Syokimau, ni umbali usiofika kilomita 40, lakini Ijumaa jioni unaweza kula muda mwingi kuliko nusu ya safari ya reli yenyewe. Ngong Road hufunga, Mombasa Road hufunga, na treni ya SGR haisubiri mtu. Treni ya mjini inayopita Kibera huwapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, kwa hiyo haimfai sana anayetoka nyumbani saa kumi na moja jioni. Iliyo na maana kwake ni ile inayounganisha stesheni kuu ya Nairobi na Syokimau kabla ya SGR kuondoka. Asiyeweza kutoka kazini mapema afikirie basi la usiku. Mabasi huondokea katikati ya jiji, huishia kwenye kisiwa cha Mombasa maeneo ya Mwembe Tayari, na hapo mtu yuko karibu na matatu za kaskazini na kusini. Miritini, kwa upande wake, iko nje ya kisiwa na hudai nauli nyingine. Treni hushinda kwa usalama na utulivu, basi hushinda kwa kuanzia na kuishia karibu na watu.

Mahali pa kwenda pia huchaguliwa na maji kuliko barabara. Mwaka 1934 Ernest Hemingway alivua Malindi, na picha ya mgeni anayevua bahari ya Kenya imebaki hiyo: mashua kubwa yenye injini, fimbo nene na sulisuli anayeruka juu ya mawimbi. Uvuvi huo bado upo Malindi, Watamu na Shimoni, na bei yake ni ya watalii. Mtu wa mshipi hauhitaji. Anachohitaji ni hori iliyokingwa dhidi ya mawimbi, kama za Tudor, Mtwapa, Takaungu na Kilifi, au maji ya ndani ya mwamba kama ya Kanamai upande wa kaskazini na Gazi upande wa kusini. Hori hufaa hata kusi ikivuma. Ndani ya mwamba hufaa zaidi wakati wa kaskazi. Samaki wa huko ni changu, tafi, chewa na kolekole wadogo, nao humtosha mtu wa siku mbili. Mahali pote hapa hufikika kwa matatu ya barabara kuu ya Malindi au ya Lunga Lunga, kisha bodaboda au miguu hadi majini. Hilo halikutokea kwa bahati. Bandari ndogo za samaki zilianzishwa na watu waendao kwa miguu, na hadi leo samaki wake hutolewa kwa baiskeli, bodaboda na ndoo za mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki mashua inapofika, wakawakaanga na kuwauza mitaani. Uvuvi mdogo wa Pwani nzima huendeshwa na watu wasio na magari. Mgeni asiye na gari hafiki hapo akiwa na upungufu; anafika kama wenyeji wanavyofika.

Mzigo mwepesi nao ni sehemu ya hoja. Ukaguzi wa stesheni za SGR ni mkali, na visu haviruhusiwi, kwa hiyo kisu cha kupasulia samaki kiachwe nyumbani. Mshipi, ndoana na chubwi hupatikana Mombasa na katika maduka ya vijiji vya wavuvi, tena vya ukubwa unaofaa samaki wa hapo. Ndoana kubwa ya mbuta kutoka ziwani itamrudisha changu akiwa ameshakula chambo. Beba kofia, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunga vya kukanyagia mwamba, na maji ya kunywa. Bahari ya chumvi hula chuma, basi vifaa vioshwe kwa maji baridi jioni ile ile. Kila kitu kinapaswa kuingia kwenye begi moja la mgongoni, na kisichoingia huenda hakihitajiki.

Ufuoni kuna wenyewe. Bandari ndogo za samaki husimamiwa na vikundi vya wavuvi vinavyojulikana kwa jina la BMU, na jambo la kwanza kwa mgeni ni kumwona mwenyekiti wake au mzee yeyote anayetengeneza nyavu hapo, amsalimu, aeleze alichokuja kufanya, na aulize kibali gani kinatakiwa na malipo gani hufanyika. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inagusa pia anayevua kwa kujifurahisha, kwa hiyo swali la leseni si la adabu tu. Hifadhi za bahari za taifa, zikiwamo za Malindi na Watamu zilizotangazwa 1968, haziruhusu kuvua kabisa. Baadhi ya vijiji pia vimefunga sehemu za mwamba kwa hiari yao. Tengefu ya Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, ni ya miaka ya 2000 na ina eneo la hekta 30 hivi. Mipaka hiyo haina ukuta, na anayeijua ni mwenyeji. Hii ni sababu ya kukodi mashua pamoja na mwenye mashua. Mapatano ya bei, ya muda wa kurudi na ya mgawo wa samaki yamalizwe mkiwa bado mchangani.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka nyumbani. Kwa nini mtu wa kipato kidogo atumie shilingi elfu kadhaa kutafuta samaki watatu, wakati kwa pesa hizo angenunua tilapia wa wiki nzima sokoni Toi au Kawangware, au mgongo wazi wa mwezi? Kama lengo ni kitoweo, pingamizi hilo limeshinda, na hakuna hesabu itakayoliangusha. Lakini hakuna anayemuuliza mtu anayekwenda uwanjani kutazama mpira kwa nini asinunue mpira wake. Kupumzika ni haja, na Nairobi imewapunguzia wakazi wa mitaa hii mahali pa kupumzikia penye maji. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 pembeni mwa Kibera, wakati mmoja lilikuwa na klabu ya mashua za tanga. Leo limefunikwa na gugu maji na kupokea maji machafu ya mitaa iliyolizunguka. Aliyenyimwa maji ya karibu hawezi kulaumiwa kwa kuyafuata ya mbali. Kinachotakiwa ni kwamba gharama ijulikane mapema na isiingilie karo wala kodi, na hilo hutegemea kupanga miezi kadhaa mbele, jambo ambalo mwezi huruhusu kwa kuwa haubadilishi ratiba.

Pingamizi la pili ni la Wapwani, nalo lina uzito. Mwamba tayari umechoka. Kuna haja gani ya watu wa bara kuongeza ndoana? Jibu linategemea chombo. Kilichoumiza mwamba zaidi ni zana kama juya, linalokokota kila kitu pamoja na samaki wachanga na kuvunja matumbawe, na ambalo Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001 pamoja na bunduki za kuvulia. Mshipi mmoja wenye ndoana moja hauwezi kulinganishwa na hayo, na samaki mchanga anaweza kurudishwa majini akiwa hai. Zaidi ya hilo, mgeni anayelipia mashua kwa siku humpa nahodha mapato yasiyotegemea wingi wa samaki, na siku hiyo mashua hiyo huvua kidogo kuliko kawaida. Pingamizi hubaki na nguvu mahali pamoja tu: mgeni anapokuja na nyavu zake na kuvua bila ruhusa. Huyo hana utetezi.

Pingamizi la tatu ni la hatari, hasa kwa kuwa wengi waliokulia Nairobi hawajui kuogelea. Hapa ndipo elimu ya maji inapolipa deni lote. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kidogo, ya pili zaidi, na karibu nusu ya ongezeko lote huja katika saa ya tatu na ya nne. Siku ya bamvua yenye tofauti ya mita 3.6, hiyo ni mita 1.8 kati ya takriban saa sita na saa nane mchana, kimo cha mtu mzima. Aliyekwenda kwenye mwamba saa nne asubuhi akaendelea kutafuta pweza hadi saa sita anaweza kukuta njia aliyopita ina maji ya kifuani na mkondo unaomvuta. Kanuni ni kugeuka maji yanapogeuka. Ndani ya mashua, jaketi okozi livaliwe mwilini, likiwekwa chini ya kiti halina kazi; mashua isijazwe; na nahodha akisema upepo haufai, neno lake ndilo la mwisho hata kama nauli ya kurudi imeshalipwa. Asiyekuwa na gari ana kinga ndogo hapa pia, kwa sababu lazima ale, alale na kusafiri na wenyeji, na mtu wa namna hiyo husikia onyo mapema.

Liko pingamizi la mwisho, dogo lakini la kila siku: samaki watafikaje Nairobi wakiwa wazima? Mara nyingi wasipelekwe. Samaki mbichi katika joto la Pwani na behewa lenye watu ni taabu kwako na kwa jirani yako. Wapikwe Jumamosi jioni, wa kupaka kwa tui la nazi, na aliyewavua ale pamoja na waliomvusha. Kama nyumbani kuna watoto walioahidiwa, mama karanga atawakaanga wakauke vizuri na watasafiri usiku kucha bila kuharibika, au ununue ng'onda waliokaushwa juani, chakula ambacho Pwani imekipeleka bara tangu zamani.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: mwezi, upepo, mahali, saa ya maji, na mwisho kabisa chombo cha kukufikisha. Mpangilio huo unakifaa hasa chama, na mitaa hii miwili ina vyama vingi vya kuchangishana. Januari wanachama wakae na kalenda, waweke alama kwenye wikendi za bamvua na za maji mafu kati ya Novemba na Machi, wachague moja, na wagawe gharama ya treni, mashua na malazi kwa miezi iliyobaki. Kwa mtu mmoja, shilingi 3,000 za tiketi ya kwenda na kurudi zikigawanywa kwa miezi kumi ni 300 kwa mwezi. Tarehe hiyo ikiingiliwa na msiba au kazi, wasilazimishe wikendi inayofuata kwa hofu ya kupoteza nafasi. Wasubiri wiki mbili. Maji yale yale yatarudi, saa ile ile kasoro dakika 40, na nahodha ataelewa mara moja wakimpigia simu kumwambia wamesogeza safari hadi bamvua ijayo.